ANNIE BESANT: MAMA ALIYENYANG'ANYWA MWANA

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia maisha ya mwanamke wa Uingereza aliyefikishwa kortini kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Annie Wood alizaliwa London mwaka 1847. Babake alifariki yeye akiwa na miaka mitano tu, hivyo aliijua taabu mapema. Mwaka 1867 aliolewa na kasisi, Frank Besant. Walijaliwa watoto wawili, Digby na Mabel, lakini ndoa haikuwa na amani. Mwaka 1873 walitengana, Annie akabaki na Mabel.

Siku hizo Uingereza ilikuwa imejaa viwanda. Watu walihamia mijini, wengine wakibanana familia nzima katika chumba kimoja. Waliooana miaka ya 1860 walizaa watoto sita hivi kwa wastani. Mtoto wa maskini alikuwa mkono wa kazi. Akienda kiwandani, analeta senti nyumbani.

Mwaka 1877 Annie na rafiki yake Charles Bradlaugh walichapisha upya kijitabu cha daktari Mmarekani, Charles Knowlton, kilichoeleza jinsi ya kupanga uzazi. Bei ilikuwa peni sita ili hata maskini wanunue. Lo! Walishikwa, wakashtakiwa eti wanauza maandishi machafu. Annie alijitetea mwenyewe mbele ya jaji. Walihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya pauni 200. Mwaka 1878 korti ya rufani iliifuta hukumu kwa sababu hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro. Lakini mwaka huo huo korti ilimchukua Mabel ikampa babake. Annie aliponea jela, akampoteza mwana. Mimi naona hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu kali zaidi.

Annie hakunyamaza. Mwaka 1888 alifichua mateso ya wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant and May. Waligoma wasichana 1,400 hivi, na wakashinda. Mwaka huo huo alichaguliwa katika bodi ya shule za London, akawatetea wanafunzi waliosoma na njaa. Watoto wake walipokua walimrudia. Mwaka 1893 alihamia Bara Hindi, na mwaka 1917 akaongoza chama cha Congress. Alifariki huko mwaka 1933.

Sasa tazama hesabu. Mwaka 1876, Uingereza na Wales zilipata watoto 36 kwa kila watu 1,000. Mwaka aliofariki Annie, walikuwa 14 tu. Je, ni kijitabu peke yake? Hapana! Sheria ziliwatoa watoto wadogo viwandani, na mwaka 1880 shule ikawa lazima. Yule aliyeleta senti sasa akawa wa kulishwa, kuvishwa na kusomeshwa.

Hata hapa kwetu mambo ni hayo. Nyanya yangu alizaa kumi, mama ametuzaa wanne. Ukimwuliza mzazi wa siku hizi mbona hazai kumi, atakuonyesha risiti za sare, vitabu na chakula cha mchana. Lakini wenzangu, risiti bila maarifa haimsaidii mtu kupanga. Maarifa hayo Annie aliyalipia kwa mwanawe, na ndiyo maana mimi namheshimu.