Chifu Nyerere Burito: Somo la Uhuru wa Jina

Afundishapo habari za ukoloni, mwalimu aghalabu huanza na gavana, askari na bunduki. Hapo wanafunzi hudhani kwamba asiyeona bunduki mbele yake yu huru. Ili kuiondoa dhana hiyo, yafaa tutazame maisha ya mzee mmoja wa Mkoa wa Mara.

Nyerere Burito alizaliwa katika nchi ya Wazanaki yapata mwaka 1860. Jina lake lina maana ya viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati wa baa la wadudu hao. Zamani hizo Wazanaki, kama jirani zao wengi wa Mara, hawakuwa na mfalme mmoja. Mambo mengi yaliamuliwa na wazee na marika.

Mwaka 1915 Wajerumani walimfanya chifu, na Waingereza walipoitwaa nchi wakamwacha kitini. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya serikali za wenyeji. Mpita njia aliyemwona mzee wa Kizanaki akiamua mashauri kwa Kizanaki angeamini kwamba watu hawa wanajitawala. Kumbe kodi aliyoikusanya chifu ilipangwa na wengine, na aliyemthibitisha aliweza kumwondoa.

Tusimhukumu mzee, alibeba mzigo wa kusemea watu wake na kutumwa juu yao. Mwaka 1934 alimpeleka mwanawe Julius, mtoto wa mkewe wa tano, Mgaya, katika shule ya Mwisenge, Musoma. Alifariki mwaka 1942. Mwana huyo aliiongoza Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961, na mwaka 1963 serikali yake iliyaondoa mamlaka ya machifu, kiti cha baba yake kikiwa kimojawapo.

Katika Darasa la Tano, ligawe darasa makundi mawili. Kundi la kwanza lieleze yaliyoonekana barazani kwa chifu. Kundi la pili lijibu: nani alipanga kodi, nani alitunga sheria, nani aliweza kumfukuza chifu? Majibu yaandikwe ubaoni sambamba, wanafunzi wayalinganishe wenyewe. Kisha warudishwe nyumbani kwao. Mwalimu wa Nyambureti aweza kuuliza: mkulima wa pamba huchagua mwenyewe kulima, je, bei huichagua nani?

Mwisho, mwalimu ajitazame. Akiwaambia wanafunzi wachague kiranja, ilhali amekwisha kunong'ona jina alitakalo, ameyafuta yote aliyoyaandika ubaoni. Watoto hawatasema neno. Watapiga kura na kushangilia. Lakini watakuwa wamejifunza kwamba uchaguzi ni mchezo wa wakubwa, na somo hilo watatoka nalo shuleni hadi utu uzima. Afadhali mwalimu ateue kiranja waziwazi na kueleza sababu, kuliko kuwapa watoto uhuru wa jina.