Muhammed Said Abdulla na Maadili ya Kubuni Uhalifu

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inapotajwa, jina la marehemu Muhammed Said Abdulla hutangulia. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka wa 1918 huko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Alipohitimu masomo mwaka wa 1938, aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya. Miaka kumi baadaye aliingia katika uandishi wa habari: akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akalihariri jarida la Mkulima tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka wa 1968.

Kazi hizi zina uzito katika utunzi wake. Mkaguzi wa afya huingia majumbani mwa watu. Mhariri husikia mengi yasiyochapishwa. Abdulla hangekosa visa vya kweli. Hata hivyo, Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa mwaka wa 1960, inahusu kifo cha Bwana Ali, mhusika wa kubuni. Anayelifumbua fumbo hilo ni Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko mwenye mnasaba na Sherlock Holmes.

Ikumbukwe kwamba Zanzibar ilishuhudia damu ya kweli katika ghasia za Juni 1961 na Mapinduzi ya Januari 1964. Tarehe 7 Aprili 1972, Rais Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi. Mwaka uliofuata Abdulla alitoa Duniani Kuna Watu, kisha Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Bwana Msa aliendelea kuchunguza siri za nasaba, urithi na mapenzi.

Wapo watakaouita mwelekeo huu ukwepaji wa historia. Hoja hiyo haipuuziki, kwani Adam Shafi aliyakabili Mapinduzi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Lakini Shafi hakuandika fumbo la upelelezi. Utanzu huu una sharti lake: mwishowe muuaji hutajwa. Atumiaye kifo cha kweli humtia mtu hatiani bila mahakama, na jamaa za mtu huyo hawana pa kukata rufaa.

Suala hili linatuhusu hata sisi wa bara. Kiambere, kama kwingineko Umbeere, mjukuu hupewa jina la babu yake. Atakayetunga riwaya kutokana na mauaji ya kale kijijini humo, akimtaja mshukiwa kwa jina, atakuwa amemshtaki pia mtoto aliyeko darasani leo.

Abdulla alifariki mwaka wa 1991, miaka saba baada ya Kosa la Bwana Msa. Vyovyote ilivyokuwa nia yake, hakuna ukoo uliochafuliwa ili Bwana Msa apate sifa. Watunzi chipukizi na waupime urithi huo kabla ya kuyafukua makaburi ya watu.