Robert Koch: Daktari wa wilaya aliyefichua siri ya kimeta

Robert Koch alithibitisha kuwa kijidudu kinachoua ng'ombe kinaweza kutambuliwa na kufuatiliwa. Kazi hiyo ilimpa sifa duniani, lakini katika visiwa vya Ziwa Victoria anakumbukwa pia kwa madhara.

Robert Koch alikuwa nani?

Alizaliwa Desemba 11, 1843 mjini Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen, kisha mwaka 1872 akawa daktari wa serikali katika wilaya ya Wollstein, ambayo leo iko Poland.

Aligundua nini kuhusu kimeta?

Kimeta kilikuwa kikiua ng'ombe na kondoo wa wakulima, na watu waliogusa mizoga au ngozi waliugua pia. Jambo lililowashangaza wengi ni kuwa malisho yale yale yaliendelea kuua mifugo mwaka hadi mwaka.

Koch hakuwa na maabara. Nyumbani kwake alichovya kibanzi cha mti kwenye damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akakichomeka chini ya ngozi ya panya. Panya walikufa, na damu yao ilijaa vijidudu vile vile vyenye umbo la fimbo. Alipovikuza katika majimaji ya jicho la ng'ombe, aliona vikitengeneza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miaka. Fumbo la malisho likateguliwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1876.

Alikosea wapi?

Machi 24, 1882 alitangaza mjini Berlin kuwa amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani, na mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, mwaka 1901 aliuambia mkutano mjini London kuwa ni nadra kifua kikuu cha ng'ombe kumpata binadamu, hivyo hakuna haja ya kuchukua hatua dhidi yake. Uingereza iliunda tume kuchunguza dai hilo. Ripoti ya mwisho ya mwaka 1911 ilionyesha kuwa watu, hasa watoto, waliambukizwa kupitia maziwa.

Kwa nini anakosolewa Afrika Mashariki?

Kati ya 1906 na 1907 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kutafuta tiba ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Vimelea viliporudi katika damu, aliongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa walipofuka kabisa. Alipendekeza pia wagonjwa watengwe kambini, na utawala wa Kijerumani ukajenga kambi hizo katika koloni lake la Afrika Mashariki.

Anakumbukwaje leo?

Alifariki Mei 27, 1910 mjini Baden-Baden. Taasisi ya taifa ya Ujerumani ya kudhibiti magonjwa inaitwa kwa jina lake.

Kimeta bado kipo, Afrika Mashariki ikiwemo. Kwa mfugaji, somo la Wollstein halijabadilika: mnyama akifa ghafla, usimpasue, usimchune wala usile nyama yake. Mwite daktari wa mifugo. Na maziwa yachemshwe, kwani katika hilo Koch alikosea.