Bwana Diesel: Aliyeutawala Moto Akapotelea Baharini

Mtu wa pwani akipanda milima ya Kisii hudhani ameiaga bahari. Nami nilidhani hivyo, hata siku moja, njiani kwendea Nyamira, nikapita penye mashine ya kusaga. Injini ya dizeli ilikuwa ikifoka mvuke, na akina mama waliokuja na mahindi na wimbi wao wakingoja chini ya migomba. Kijana msagaji alikwisha shika ndoo ya maji baridi aimwagie. Nikamzuia, kwani chuma kilichoshika moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka.

Elimu hiyo sikuipata chuoni. Niliipata ujanani, katika mashua ya tanga iliyotiwa injini. Nahodha wetu alitufunza kuwa injini ikichemka, kwanza tutazame nyuma ya chombo kama maji ya bahari yanatoka pamoja na moshi. Yasipotoka, tufungue kichujio tutafute mwani, kisha tukague mpira wa pampu, huenda umekatika.

Kule Kisii hakuna mwani, bali lipo pipa. Maji ya moto hupanda kwa bomba la juu, yakapoa pipani, yakarudi injinini kwa bomba la chini. Tulipochungulia, tukaona maji yamepungua, yako chini ya mdomo wa bomba la juu, na mzunguko umekatika. Tukangoja injini ipoe, tukajaza pipa, na unga ukasagwa. Ndipo kijana akaniuliza kama dizeli lilikuwa jina la mtu. Nikamsimulia.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Vita vya 1870 viliwatoa Ufaransa wakakimbilia London, na yeye, mtoto wa miaka 12, akapelekwa kwa jamaa zake Augsburg. Akasoma Munich kwa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya baridi, kisha akamfanyia kazi katika utengenezaji wa barafu. Ajabu ilioje: aliyefunzwa baridi ndiye aliyekuja kuutawala moto!

Fikira yake ilikuwa hii: hewa ikishindiliwa sana hupata joto la kuwasha mafuta yenyewe, bila ya cheche. Mwaka 1893, katika majaribio, kipimo kilichofungwa mtamboni kiliripuka, nusura kimuue. Hakukata tamaa. Mwaka 1897 injini yake iligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, hali mitambo mingi ya mvuke ya siku zile ilipata kama sehemu moja katika kumi. Joto lililobaki hutoka kwa moshi na kwa maji, na ndiyo maana maji yakikwama, injini huchemka. Mwaka 1912 meli Selandia ya Denmark ilivuka bahari kuu kwa injini za namna hiyo.

Sifa zikaenea, na utajiri ukaja. Lakini kesi, maradhi na biashara mbovu vilimla, naye madeni yake akawaficha watu wa nyumbani. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akisafiri kwa meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alikwenda chumbani kwake. Asubuhi kitanda kilikutwa hakikulaliwa. Siku kama 10 baadaye mabaharia waliokota maiti baharini, na mwanawe akavitambua vitu vilivyotolewa mifukoni. Wako waliosema kajitupa, na wako waliosema kasukumwa. Yakini iko kwa Mola. Mkewe alifungua mkoba aliomwachia, akakuta fedha taslimu, na hati za benki zilizoonyesha kuwa akiba imekwisha.

Kijana yule alinyamaza kitambo, akaenda kulitazama pipa lake tena. Nami nikaukumbuka ule usemi wetu, kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Injini ikizidiwa hufoka mvuke, kila mtu akaona. Mwanadamu hujifunika, akatabasamu mezani na wanawe, na maji yake yamekwisha kushuka chini ya bomba. Basi ndugu msomaji, mtazame jirani yako kabla hajachemka, nawe usione haya kusema kuwa pipa lako limepungua.