Hugh Tracey na Sauti za Wakipsigis

Kutoka Keringet, katika miinuko ya Mau, nchi inateremka kuelekea magharibi hadi mashamba ya chai ya Kericho na kituo cha Kapkatet. Pande zote hizo wanaishi Wakipsigis, jamii mojawapo ya Wakalenjin, ambao ngoma na nyimbo zao zilikuwa sehemu ya jando, arusi na burudani za jioni. Mwaka 1950, Mwingereza mmoja alifika Kapkatet akiwa na mitambo ya kunasa sauti. Mtu huyo alikuwa Hugh Tracey.

Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903. Akiwa kijana alikwenda Rhodesia Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kumsaidia kaka yake katika kilimo cha tumbaku. Huko alijifunza Kikaranga kwa kufanya kazi na kuimba pamoja na vibarua wa shambani. Walowezi wengi wa wakati ule waliziona nyimbo hizo kuwa makelele. Yeye alitambua kwamba ni sanaa yenye kanuni zake. Mwaka 1929 aliwapeleka vijana 14 wa Kikaranga Johannesburg, wakarekodiwa.

Kazi hiyo ndiyo iliyotawala maisha yake yote. Baada ya kufanya kazi ya utangazaji wa redio nchini Afrika Kusini, mwaka 1948 alichapisha kitabu kuhusu muziki wa Wachopi wa Msumbiji na marimba zao. Mwaka 1952 alitoa kingine kuhusu ngoma za wafanyakazi wa migodi ya dhahabu. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, na mfululizo wake mkuu wa santuri ulifikia sahani 210. Katika safari zake alinakili majina ya waimbaji, lugha na ala zao, na kupima sauti za ala hizo kwa makini.

Hata hivyo, juhudi hizo hazikukosa mgongano wa fikra. Tracey alihofu kwamba muziki wa kigeni ungeua ule wa asili. Kapkatet ilimpa jibu ambalo hakulitarajia. Pale alinasa nyimbo zilizoitwa Chemirocha. Mojawapo iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ikisindikizwa na ala ya nyuzi iliyo ndugu ya nyatiti ya Waluo. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis kwa gramafoni. Jina lake lilitoholewa hata likasikika kama Chebet au Chelangat, na mwenyewe akaalikwa, ndani ya wimbo, aje kucheza ngoma na wasichana. Ugeni haukuua wimbo. Wimbo ndio uliomfanya mgeni kuwa mwenyeji.

Katika maelezo yake, Tracey aliandika kwamba mwimbaji huyo alifikiriwa kuwa nusu mtu nusu paa. Wasomaji wengi wa ng'ambo walilipokea jambo hilo kama kioja cha watu wasiojua gramafoni. Lakini anayezijua ngano za Wakalenjin atamkumbuka Chemosit, zimwi lililo nusu mtu nusu ndege. Kiumbe wa namna hiyo ni chombo cha kale cha fani, kinachotumiwa kusimulia jambo lisilo la kawaida. Sauti isiyo na mwili, itokayo ndani ya sanduku, ilistahili kusimuliwa hivyo. Kilichoitwa ujinga kilikuwa ubunifu.

Tracey alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata maktaba yake ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sauti za Kapkatet zilihifadhiwa huko, mbali na watoto na wajukuu wa waimbaji. Wageni wa mbali waliweza kuzisikiliza na kuzifurahia, ilhali wenye nyimbo hawakuwa na nakala. Mwaka 2014 maktaba hiyo ilishirikiana na watafiti wengine kuzirudisha rekodi Kapkatet, na wazee waliokuwapo mwaka 1950 wakazisikia tena baada ya miaka 64.

Maisha ya Tracey yanaacha funzo lenye pande mbili. Bila yeye, sauti ya Chemutoi Ketienya ingalipotea pamoja na kizazi chake. Lakini kuhifadhi si kumiliki, wala kunasa sauti si kuielewa. Mtafiti wa fasihi simulizi anayekwenda Keringet au Kapkatet leo akiwa na kinasa sauti hana budi kuuliza mapema maswali mawili ambayo yalichelewa kwa zaidi ya nusu karne: wenye wimbo wanausemaje wimbo wao, na nakala yao itabaki wapi?