Amosi, mchungaji wa Tekoa

Safari hii tunatazama maisha ya nabii Amosi.

Huku kwetu Pepa, juu ya milima ya Marungu, mchungaji hana haja ya kuelezwa. Tunamjua kwa fimbo yake, koti la baridi na siku nzima pamoja na wanyama. Amosi alikuwa mtu wa kazi hiyo. Alichunga kondoo kule Tekoa, kijiji cha milimani kusini ya Yerusalema, na tena alitunza mikuyu, miti ya mabondeni. Baba yake hakuwa nabii, wala yeye hakufundishwa katika chama cha manabii. Mungu alimtoa nyuma ya kundi akamvusha mpaka, aende Israeli ya kaskazini. Ilikuwa karibu mwaka wa 760 mbele ya Kristo, wakati wa Uzia mfalme wa Yuda na Yeroboamu wa pili mfalme wa Israeli.

Israeli walikuwa wameshiba. Tajiri alikuwa na nyumba ya wakati wa baridi na nyingine ya wakati wa jua, na vitanda vilipambwa kwa pembe za ndovu. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochimba Samaria katika miaka ya 1930 walikuta vipande vingi vya pembe hizo. Lakini sokoni vipimo vilipunguzwa, ngano ilichanganywa na makapi, na maskini aliuzwa kwa bei ya viatu. Na ibada? Zilijaa! Sadaka kila asubuhi, nyimbo na vinubi.

Amosi alianza kwa akili. Alitaja kwanza makosa ya majirani: Damasko, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Sisi tunafikiri wasikilizaji walifurahi sana. Kisha akataja Yuda, kwao mwenyewe. Ndipo akawageukia wao.

Maono yake ni matano, na tunawaomba waonaji wetu wayasome kwa kufuatana. Ya kwanza yalikuwa nzige, ya pili moto. Mara zote mbili Amosi alimlilia Mungu kwa ajili ya watu hao, ambao hata hawakuwa wa kwao, na Mungu akaondoa pigo. Wako kati yetu wanaoota msiba wa jirani na kuutangaza mbele ya kunawa uso, bila kumwombea hata dakika moja! Maono ya tatu yalikuwa timazi, ule uzi wenye uzito ambao mjengaji anaushusha kupima ukuta. Hapo Amosi hakuomba tena.

Amazia, kuhani wa Beteli, alimshitaki kwa mfalme, kisha akamfukuza arudi Yuda akatafute chakula chake huko kwa kutabiri. Aliona unabii ni kazi ya tumbo. Amosi alimjibu kwamba kazi yake ni kundi na mikuyu, na kwamba ni Bwana aliyemtuma. Jibu hili linatugusa sisi watumishi, maana wengine wanapokea kuku na pesa kwanza, ndipo maono yanakuja.

Maono ya nne yalikuwa kikapu cha matunda yaliyoiva. Kwa Kiebrania, neno la matunda hayo na neno la mwisho yanasikika karibu sawa. Katika ya tano alimwona Bwana mwenyewe amesimama penye madhabahu, akiamuru nguzo zipigwe.

Miaka miwili tangu maneno yake, nchi ilitetemeka. Kitabu cha Zakaria bado kinakumbuka tetemeko hilo. Karibu mwaka wa 722 Waashuri wakaiteka Samaria na kuhamisha watu.

Lakini Amosi alimaliza kwa ahadi: kibanda cha Daudi kilichoanguka kitasimamishwa tena. Wakati mitume walipobishana kule Yerusalema kama watu wa mataifa waingie bila kutahiriwa, Yakobo alishika maneno hayo ya mchungaji, na mlango ukafunguliwa. Sisi wa Marungu tumeingia kwa mlango huo.