Mama Wangari, nikimtazama kutoka delta ya Rufiji

Wadau, leo naomba nimzungumzie Mama Wangari Maathai. Najua wapo watakaoniuliza, huyu ni Mkenya wa milimani huko Nyeri, anatuhusu nini sisi watu wa Kibiti na mikoko yetu? Subirini kidogo, nafika.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 kijijini Ihithe. Mwaka 1960 akapata nafasi ya kusoma Marekani, akarudi na baiolojia yake, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, wa kwanza kwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Angeweza kabisa kukaa pale chuoni akafundisha mambo ya mifugo mpaka astaafu.

Lakini akina mama wa vijijini walilia kuni zimeadimika na vijito vinakauka. Tarehe 5 Juni 1977 ikapandwa miti saba Nairobi, Green Belt Movement ikaanza. Sasa hapa ndo ninapopapenda mie. Mama aliyeotesha miche alilipwa senti chache kwa kila mche, lakini ule uliopona tu! Kwetu huku mgeni rasmi anashika mche wa mkoko, picha zinapigwa, watu wanapanda boti kurudi Nyamisati, na baada ya miezi sita nani anarudi kuhesabu? Na yule anayefyeka mikoko alime mpunga naye ana watoto wa kulisha, huwezi kumwambia aache halafu mkononi humpi kitu. Huyu mama alilijua hilo mapema sana.

Siasa ilimtesa. Mwaka 1982 aliacha kazi chuoni ili agombee ubunge, akaenguliwa, na chuo nacho kikakataa kumrudisha. Mwaka 1989 akapinga ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Wabunge wakamkejeli bungeni, ila jengo halikusimama. Mwaka 1992 polisi wakampiga hadi akazimia, alipokuwa na akina mama wanaodai watoto wao waliofungwa kwa sababu za siasa. Mwaka 1999 akapasuliwa kichwa akitetea msitu wa Karura.

Wazee wa delta wataelewa. Mwaka 1997 serikali yetu ilikubali mradi mkubwa wa kufuga kamba ndani ya delta, wakati baraza la mazingira lenyewe lilishauri vingine. Wanavijiji wakagoma, na mradi haukujengwa. Tofauti ni kwamba wa kwetu hawajulikani hata kwa majina, nami hilo linaniuma.

Mwaka 2002 watu wa Tetu wakampa ubunge kwa asilimia 98, mwaka uliofuata akawa naibu waziri wa mazingira, na 2004 akachukua Nobel ya amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika. Mwaka 2007 hao hao wa Tetu wakamwangusha! Nobel haichimbi kisima, nadhani walimaanisha hivyo, jamani, ingawa mie naona walikosea.

Kansa ilimchukua tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameagiza usikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake, basi likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji.